Tufe la Kwanza

Skrubu tatu. Mbili zimekubali,
ya tatu imekula kutu tangu enzi za mvuke.
Naipaka nta ya Urambo, tonge dogo,
nangoja, kama anayengoja mgonjwa ageuke.

"Ng'oa zote, Kalunde," alisema mkuu wa stesheni,
"tuweke za bomba, nyeupe, zinazokula jua."
Nikamwomba wiki moja na ngazi.

Tufe likashuka mikononi, zito kama boga.
Ndani: mbawa za kumbikumbi, masika juu ya masika,
mjusi mkavu,
vumbi la treni zilizokwenda Mpanda bila kuaga.
Nikaliosha kwa majivu na limau
kwenye beseni ninalomwogeshea mwanangu.

Waya mpya. Raba mpya shingoni, mdudu asipite.
Balbu ya wati tisa pale ilipokaa ya mia.

Saa mbili usiku nikabonyeza swichi.
Mama Mlekwa wa karanga akainua uso,
kisha akahesabu chenji
bila kuisogeza machoni.

Mkuu hakusema kitu. Ngazi hajaidai.

Yamebaki kumi na moja.
La pili, tangu asubuhi,
skrubu zote tatu zimegoma.