Taa ya Dinamo

Mimi fundi baiskeli, barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
na sitaki uongo: msako umenilisha.
Wiki ya kwanza niliuza dinamo kumi na moja.
Kengele sikuhesabu. Hata zenye kutu zilipata wenyewe.

Afande alisimama hapa, kofia kwapani, akasema:
Fundi, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Anayepanda bila taa leo, kesho kabeba mtungi wa mtu.
Naye Mama Mwanaidi wa duka la pili,
aliyeibiwa mitungi ya gesi mara mbili,
akaitikia kwa sauti ya mtu aliyekesha miezi:
Wabaneni. Anzeni na kengele, mtafika kwenye visu.
Sikumcheka. Mlango wake niliuona ulivyong'olewa,
bawaba zikining'inia kama meno ya mtoto.

Lakini nimekalia kigoda hiki miaka ishirini na sita,
macho yangu yako usawa wa magurudumu.
Naona tairi kwanza, halafu mguu, uso mwisho.
Nikaanza kuhesabu nani anashushwa.

Kijana wa mwenye malori kapita, hana taa, hana breki:
kapungiwa mkono.
Mwalimu Mhando kapita, mkewe nyuma, giza tupu:
Shikamoo, mwalimu.
Zebedayo Ntakije kashushwa.
Kesho yake, Zebedayo Ntakije.
Ijumaa, watu hawajaamka,
Zebedayo.

Huyu hukanda unga kwenye tanuri la mikate,
hutoka saa kumi alfajiri, nyusi nyeupe kama za mzee.
Babu yake aliletwa kutoka Kasulu kukata mkonge,
manamba, na kipande chenye tarakimu mfukoni.
Baba alizaliwa kambini, Ngomeni.
Yeye Bombo, wodi ya wazazi,
na hutukana kwa Kibondei kuwashinda Wabondei.
Lakini ile pua. Lakini ule urefu. Lakini hilo jina.

Wewe mwenyeji wa wapi?
Makorora.
Kabla ya Makorora?
Kabla ya Makorora nilikuwa tumboni.

Jibu hilo lilimlaza ndani siku mbili.
Kosa liliandikwa taa;
maswali yote yalikuwa ya babu.

Nami, kwa ubishi wa uzee, nikaijaribu njia ileile.
Nikang'oa taa yangu, nikatoka saa kumi,
nikapita mbele ya afande polepole,
moyo ukidunda kama mwizi.
Fundi! Mbona mapema? Salama?
Salama, nikasema.
Nikaenda zangu, na ile salama
ikanikaa kooni kama mwiba wa changu.

Ufa upo, sikatai.
Ila naona tunaukandika kwa mtu,
tunamsukuma na kumsukuma aingie kwenye tundu,
na upande wa pili mwizi wa mitungi
anapita mlangoni, kavaa shati safi.

Zebedayo alipotoka nikamfungia dinamo mpya,
sikupokea hela.
Tukainua gurudumu la nyuma, nikazungusha pedali kwa mkono,
taa ikawaka mchana kweupe,
ikacheza ukutani kwa Mama Mwanaidi.
Hata yeye akatoka kutazama,
akasema inang'aa kweli,
akamletea kijana kikombe cha chai bila kumtazama usoni.

Usiku uleule akasimamishwa.
Akabana breki kama raia mwema.
Gurudumu likasimama.
Na dinamo, unajua ilivyo,
hula mwendo; mwendo ukikoma, inakufa.

Taa yako iko wapi?

Leo kaja, ameegemea mwembamba kwenye nguzo yangu,
unga bado masikioni,
anauliza kama ninazo zile za betri,
zinazowaka hata mtu akisimamishwa.
Ninazo. Zimejaa sanduku.
Bei naijua kama jina langu,
na ulimi umegoma kuitaja.