Kibao

Gari ya Mambo ya Kale iliingia Wete siku ya mvua,
saruji imeshachanganywa,
na dereva ana karatasi iliyolowa:
*Nyumba ya Kadhi, mkabala na kisima.*
Visima vilikuwa viwili.
Cha chini kimefukiwa, na aliyekijua kwa dhati
yuko kitandani, ana homa.
Saruji haimngoji mtu apone.
Wakachimba penye kisima kinachoonekana,
wakasimamisha nguzo, wakaipiga picha,
wakaenda zao kutafuta pweza.

Hivyo ndivyo jiko la Bi Mize Shaame
lilivyopandishwa cheo.

Tulicheka mpaka Ijumaa ikatukuta tunacheka.
Nyumba ya Kadhi ilikuwa kule bondeni,
pale wanapoanika karafuu sasa.
Ilianguka ukuta mmoja mmoja, kwa adabu,
mawe yake yakahamia kwa watu:
moja ni kizingiti cha Faki fundi cherehani,
mawili yameinua tangi la maji la skuli,
na mlango, ule wenye nakshi, ulivuka kwenda Unguja
na mtu aliyeuliza bei mara moja tu.

Mji wetu hausomi vibao.
Ukimtaka Hamad Chumu utaambiwa:
shuka hadi kinuni, pinda penye mkungu,
ukiliona bomba la Mhindi ujue umepita.
Kinu kiling'olewa mama yangu hajaolewa.
Mkungu ulikatwa upite waya wa umeme.
Bomba limekauka, na Mhindi, tulisikia, alifia Karachi.
Wala hajapotea mtu.
Tunapinda penye kivuli cha mti usiokuwepo,
na mgeni akiuliza mti wenyewe uko wapi
tunamtazama kama yeye ndiye aliyeukata.

Wageni walipoanza kuja, Bi Mize aliwafukuza:
"Hapa pana mbatata tu, zachemka!"
Akaja msichana mmoja, viatu vimejaa tope,
akauliza kwa Kiswahili cha kitabuni
Kadhi alikuwa akikaa wapi.
Bi Mize akamtazama, akaitazama ile njia aliyotoka,
akaionyesha mbuzi yake ya kukunia nazi.
"Hapo," akasema. "Ila usikalie, ina meno."
Tangu siku hiyo akawa anafagia mara mbili.

Sasa niseme langu.
Yule mwenye homa alikuwa baba yangu.
Alinituma: "Kimbia, waambie ni kisima cha chini."
Nilikuwa na miaka tisa, nilikimbia kweli,
nikafika saruji ingali mbichi, inang'aa kama uji,
na fundi akanipa mwiko, akaniambia, "Haya, tia na wewe."
Nikaandika herufi ya jina langu.
Ujumbe ukanitoka kichwani kama maji kwenye pakacha.
Nyumbani nikaulizwa: umewaambia?
Nikasema: ndiyo.

Mwaka huu amekuja kijana wa ofisi, ana daftari, anahakiki.
Bi Mize tumeshamzika.
Anayefagia ni mjukuu wake, Bikombo,
naye husema "Kadhi alikaa hapa" bila ya kutabasamu;
hadanganyi, ndivyo alivyopokea.
Kijana akapitisha kidole ukutani, kikatoka cheusi,
akaandika: *masizi ya kale.*
Nikamwambia, visima vilikuwa viwili.
Akaniuliza nina umri gani, nina hati yoyote?
Akaandika: *shahidi hana hakika.*

Alipoondoka nilichutama chini ya nguzo,
nikafyeka majani kwa mkono.
Ile K ipo, imepinda mguu mmoja,
mvua ya jana imeijaza.
Kuku wa Bikombo akaja,
akanitazama kwa jicho la upande,
akainywa.