Chini ya Zizi

Smaranda alikizungushia kilele duara kwa penseli nyekundu
tangu Januari, theluji ingali juu ya mapaa ya Brasov.
Akapima mifuko yetu kwa mizani ya jikoni:
hema, kilo mbili na robo; soksi, jozi tatu tu;
na mswaki wangu akaukata mpini
kwa sababu mlima, alisema, haumpendi mwenye vingi.
Mimi dada mdogo, mbeba sufuria,
niliitikia kila kitu. Ndivyo nilivyozoea.

Siku ya kwanza jua lilitupokea kituoni
kwa uchangamfu wa mtu anayetaka kukopa,
likatupandisha msitu wa misonobari, likatutoa jasho,
na saa nane mchana likaenda zake bila kuaga.

Kisha ukungu.
Si ule wa asubuhi, wa kupigia picha.
Huu uliingia, ukakaa, ukavua viatu.

Mvua ikaanza rasharasha, ikakaza uzi,
ikageuka mawe madogo meupe
yakirukaruka njiani kama mbaazi zilizomwagika.
Alama za njia tulizitafuta kwa viganja, mwamba kwa mwamba,
na wakati huohuo tumbo langu
likaanza kuzungumza.

Nilikunywa maji ya kijito. Nakiri.
Smaranda alisema chemsha. Nikasema, maji ya mlimani?
Sikujua kwamba juu yetu, nyuma ya ukungu,
kondoo mia nne walikuwa wakikojoa tangu Mei.

Sitausimulia usiku ule wote.
Kibanda cha bati, vitanda vya mbao,
Wacheki watatu waliojifanya wamelala,
mlango ambao upepo uliusukuma ndani
kila nilipousukuma nje.
Mara kumi na moja. Nilihesabu; homa hupenda hesabu.
Nikasema, Sma, niache hapa, kukipambazuka panda peke yako,
ni mwendo wa saa nne tu.
Nilitaka aseme hapana.
Akanyamaza muda mrefu mno.
Akatoka. Nikasikia buti zake juu ya kokoto,
zikififia,
nikalia kwa hasira, si kwa maumivu,
kwa kuwa nilikuwa nimempa ruhusa.

Alirudi na suruali yangu.
Ameifua gizani, chini ya mchirizi wa paa,
mikono imeiva kama figili,
anaitukana mvua, kondoo, na siku niliyozaliwa.
Akaitundika juu ya jiko lililozimika
na haikukauka kamwe.
Kuhusu kilele, neno hakusema.
Ile penseli ilikuwa bado nyuma ya sikio lake.

Asubuhi akaja Ghitsa, mchungaji, miaka labda kumi na sita,
koti la manyoya likimburuzika matopeni.
Akanikagua kama anavyokagua mifugo: macho, ulimi, basi.
"Amekunywa chini ya zizi," akamwambia dada, si mimi.
Akanichemshia matunda meusi makavu,
makali ya kufunga mdomo, na mengineyo pia.
Mfuko wangu akauvaa kifuani, kama mwana wa kubebwa.

Tulishuka kutwa nzima ndani ya weupe.
Ziwa ambalo Smaranda alilisifu tangu Machi
tulilipita, nadhani, upande wa kushoto:
kitu fulani kilinusa baridi.
Chini, Ghitsa alikataa pesa. Aliomba betri za tochi.

Dukani kituoni nikanunua maji ya chupa,
na kwenye lebo, anga la buluu, jua, kilele.
Smaranda akaigeuza chupa, akaweka ukucha kwenye mgongo wa mlima:
"Hapa. Tungepitia hapa."
Nikamuuliza kama maji hayo yamechemshwa.
Alicheka hadi mkata tiketi akafungua dirisha,
kisha akaacha kucheka, ghafla, akapenga kamasi.

Treni ilipoondoka, ukungu ulijikunja kidogo,
kama pindo la sketi.
Yeye alikuwa ameegemea kioo, macho kayafumba.
Mimi niligeuka.
Sikumwambia.