Kasoro Dakika Kumi na Moja

Kwenye rekodi, sangara namba mia nne na tatu
ameingia kwenye barafu saa moja na dakika ishirini,
kisha amepimwa mlangoni saa moja na ishirini na saba.
Nimesoma mara tatu, chai ikapoa.
Samaki gani huyu, anayegandishwa kabla hajafika?

Kiwanda kiko Igogo; pua hukijua kabla ya macho.
Mlangoni kuna mashine ya mzani na alama za vidole,
tunaiita Kulwa.
Ya chumba cha baridi ni Doto.
Zilinunuliwa siku moja, duka moja,
na Kulwa, kama ilivyo desturi, ametangulia.
Ila hapa ametangulia mpaka saa.

Mafuru Bwire wa zamu ya asubuhi
amekatwa mshahara kwa siku kumi na tisa.
Amechelewa, inasema karatasi.
Yeye anasema: niliingia saa moja kasoro,
redio ya mlinzi ilikuwa haijaanza kusoma habari.
Nani ataisikiliza redio ya mlinzi
mbele ya karatasi iliyotoka kwenye mashine?

Kompyuta huandika saba, sisi husema moja.
Saa sita zimekaa kati ya kioo na ulimi
tangu mashine ya kwanza ipande mji huu wa mawe,
na hazijamdhulumu mtu,
kwa kuwa kila mtu anajua zipo.
Dakika kumi na moja zilikaa kimya.

Usiku nikaandika programu, mistari arobaini hivi.
Inafanya afanyavyo mgeni stendi: inauliza saa.
Inaandika swali limeondoka lini,
inangoja,
inaandika jibu limerudi lini.
Maana jibu la saa ngapi huchakaa njiani;
ukiambiwa sasa, hiyo sasa imeshapita.
Basi unachukua safari nzima, unaigawa mbili,
nusu unaiongeza juu ya jibu,
na unajifanya kwamba kwenda na kurudi ni sawa.

Si sawa. Aliyepanda kivuko cha Kamanga anajua:
kwenda kimelemewa na saruji,
kurudi ni ndizi na kuku.
Kwa hiyo niliuliza mara nane
nikashika safari iliyokuwa fupi kuliko zote.
Aliyekuja mbio hakupata nafasi ya kudanganya sana.

Doto: kasoro milisekunde tatu.
Kulwa: sekunde mia sita sitini na moja, mbele.

Kidole kilikuwa tayari kumrudisha kwa mkupuo.
Nikakitoa.
Saa moja na robo ingepita mara mbili asubuhi ile,
samaki wawili wakagombea dakika moja,
na mkaguzi angeniuliza yupi wa kweli.
Aliyetangulia haburutwi, anapunguziwa hatua:
kila sekunde yake ndefu kidogo kuliko ya wenzake,
kidogo ambacho sikio halikisikii,
mpaka wakutane.
Nikapiga hesabu. Siku kumi na tano.

Siku kumi na tano, na mshahara unakatwa kila siku!
Nikachukua boksi la karatasi na kalamu nene,
nikabandika juu ya Kulwa: SAA HII IKO MBELE, TOA KUMI NA MOJA.
Keshokutwa nikaandika TOA KUMI.
Kisha TOA TISA.
Wapakiaji walicheka: mtaalamu wa kompyuta huyu,
anarekebisha mashine kwa kalamu.
Mafuru hakucheka. Alipiga picha kila bango kwa simu yake.

Siku ya kumi na sita nilibandua boksi.
Sangara namba tisini na nane alipimwa kwanza,
akagandishwa baadaye, kama samaki wengine duniani.
Mafuru aliweka kidole: saa moja kasoro dakika tano.
Akanitazama. Hakusema kitu.

Nikapanda ngazi kwa mhasibu na rekodi mkononi.
Akasema mwezi ule umeshafungwa.
Nikarudi kesho yake, akasema bosi yuko Bukoba.
Nimeuliza mara nane sasa.
Sijapata safari fupi.