Punguza Mkono

Walikata umeme saa tatu na robo.
Tabata nzima ikafumba macho,
na pampu ya tangi la samaki, iliyokoroma
miaka miwili bila kusifiwa, ikanyamaza.
Ukimya ndio ulioniamsha.

Nikawasha tochi ya simu.
Kioo kilikuwa kimeota nywele.
Nywele nyeupe, hai, zinapanda:
minyoo, wembamba kama uzi wa cherehani,
wametoka kwenye changarawe kutafuta pumzi,
wanajikunja kuwa herufi
ambazo hakuna shule inazifundisha.

Sikuwaalika. Mimi nilinunua samaki sita
wenye mikia kama shela, basi.

Mama Eliakunda wa chumba cha pili akasema,
"Tia Jiki, kifuniko kimoja tu."
Kifuniko kimoja cha Jiki
kingeua humo hata kivuli changu.
Nikaenda duka la dawa pale kona.
"Dawa ya minyoo? Mgonjwa ana umri gani?"
"Miezi saba."
"Uzito?"
Nikamtazama yule dada, nikaaga.

Jumamosi nikateremka Kariakoo
na minyoo wangu ndani ya chupa ya pilipili,
kwa Kibwana Duchi, muuza samaki wa mapambo.
Akaitikisa, akainusa, akanirudishia.
"Hawa hawamli mtu. Hawa wamefuata shughuli,
wamesikia kuna pilau.
Nani analisha kwako?"
"Mimi. Asubuhi, finyo moja."
"Finyo moja haijengi mtaa huu, kaka.
Kuna mkono mwingine. Punguza mkono."

Nikafyonza uchafu kwa mpira, kwa mdomo,
kama wezi wa dizeli;
funda la kwanza likaniwahi:
chuma, majani, na kitu cha juzi.
Ndoo tatu za maji meusi
nikaunywesha mchicha wangu wa kwenye makopo.
Maji mapya ya bomba nikayalaza wazi usiku kucha
mpaka harufu ya dawa ikakata tamaa.
Jumatatu kioo kilikuwa kioo.
Jumatano, nywele.

Alhamisi sikwenda kazini.
Nikakaa jikoni, pekupeku, mlango nusu.
Mama akatoka chumbani kwake,
akachukua kopo la chakula, lile lenye matundu.
"Maskini, hamjala tangu jana."
Akanyunyiza. Akaketi.
Hata tasbihi haijafika katikati,
akainuka, kanga imemteleza begani:
"Maskini, hamjala tangu jana."

Mara tano kabla ya adhuhuri.
Mara tano, na huruma ileile, mpya kabisa,
kama vile haijawahi kutumika.
Mara ya sita akanikuta mimi.
Akanitazama kitambo,
kama anayetafuta jina langu chini ya changarawe.
"Na wewe," akasema, "umekula?"

Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini?
Ningemwambia Alhamisi, Ijumaa angekuwa hana habari,
mimi ndiye ningebaki na aibu ya kusema.
Usiku nikachukua gundi,
nikaziba matundu ya kopo, moja moja.
Chakula nimekiacha ndani.
Nimeacha mlio.

Sasa hutikisa atakavyo.
Samaki husikia, hupanda mbio, mikia inawaka,
hukuta hewa, hushuka wamenuna,
na huko chini, kwa njaa ya heshima,
wamejifunza kuokota mnyoo mmoja mmoja
kama mtu anayechambua mchele.

Jana umeme ukakatika tena.
Nikamulika kioo, nikahesabu: kumi na mmoja.
Nikawaacha. Nao wana kwao.

Gizani nikasikia kopo, chaka, chaka,
na sauti yake: maskini, tangu jana.
Kisha nyayo zikanijia.
"Na wewe umekula?"
"Bado, Mama," nikasema, kwa mara ya nne,
tumbo limejaa hadi shingoni,
nikavuta sahani.