Jina Ubaoni

Simu ilinikuta Fresno, jikoni kwa watu,
mikono ina povu hadi viwikoni.
Mama hakunisalimu.
"Wamekuandika ubaoni," alisema.
"Mistari mia moja na kumi na minne ya chaki.
Mwenzako kapata sitini."

Sikugombea. Santa Prisca Yukunama hagombei mtu.
Anayejinadi tunamcheka
kama anayejitongoza kwenye kioo.
Mkutano hukaa uwanja wa mpira wa kikapu, chini ya bati,
anatajwa fulani, anatajwa fulani wa pili,
karani anauliza, mikono inanyanyuka,
na chaki haijui kwamba fulani wa pili
yuko ng'ambo ya mpaka
na akirudi hana karatasi za kuvukia tena.

Mwaka mzima, bila mshahara.
Ukikataa, faini. Ukikaidi, bomba lako linafungwa,
na siku mama akifa
utachimba kaburi peke yako.
Nikarudi.

Topili: ngazi ya chini kabisa.
Filimbi, kirungu, funguo, ufagio.
Juu yangu madiwani, wa maji, wa shule, wa barabara,
juu yao sindiko, mwenye kesi za mipaka na za ng'ombe,
na juu kabisa don Nicéforo, meya,
ambaye ujanani aliifagia ofisi hiihii
na mpaka leo hunionyesha
kona niliyoiruka.

Usiku wa kwanza nilimfungia ndani binamu yangu Abundio,
meskali imempanda kichwani.
Aliimba hadi alfajiri, akaniita msaliti,
kulipokucha akaomba kahawa.
Nilimpelekea, na sukari.
Hilo halimo katika sheria yoyote.

Fedha za serikali hutoka mji mkuu zikiwa nzima,
hufika kwetu zinachechemea.
Doña Hermelinda, mhazini, muuza totopo sokoni,
huzihesabu kwa kidole kilichoungua,
muhuri kaufunga ndani ya leso.
"Bila muhuri," husema, "hatuna halmashauri,
ni watu tu tunaoishi mlimani."
Alikwenda mjini mara nne kwa saini moja.
Mara ya kwanza bwana mkubwa yuko likizo.
Mara ya pili fomu imebadilika rangi.
Mara ya tatu nilimsindikiza mimi,
tukakaa kwenye benchi hadi taa zikazimwa.
Mara ya nne alibeba jibini mbili,
akarudi na saini,
na wala hatukumuuliza habari za jibini.

Lakini bomba lilipasuka Aprili,
halikungoja saini.
Nikapiga kengele ya tekio, msaragambo wa huku:
kila nyumba, jembe moja na mtu wake.
Mwalimu Crescencia alikuja na viatu vya shule.
Mzee Fidencio, goti lake bovu,
alikuja na kiti, akaketi, akatukosoa.
Meya alikuwa mtaroni, tope hadi kiunoni,
nami, topili, nikimwambia: chimba kushoto.
Maji yalirudi jioni.
Kiungo cha tatu kinavuja hadi leo.
Nilikifunga mimi.

Desemba, ubao ukatolewa tena.
"Wa kwanza nani?" Akatajwa mtu.
"Wa pili?"
Kimya. Kuku akakatiza uwanja.
Mtu akasema: Eleuterio, mtoto wa shangazi Tomasa,
anapaka rangi nyumba za watu Tacoma,
zamu haijamfikia hata mara moja.
Sauti ile ilikuwa yangu.

Mistari tisini na saba.
Nilitazama chaki ikisagika, vumbi likimwangukia karani begani,
na mkono wangu ulikuwa juu
muda mrefu baada ya kuhesabiwa.

"Nani atampigia?"
Wote wakanigeukia.
Kupeleka habari ni kazi ya topili,
na mwaka wangu ulibakiza siku kumi na tisa.

Ikaita mara tatu.
Nikasikia brashi ikitumbukia ndooni.
Sikumsalimu.