Pumzi ya Shaba

Kompyuta ya ghala ilizima saa sita na robo
katikati ya jina la mtu:
Hamad Shaame Fa—
na magunia yake mawili yako juu ya mizani, hayajaandikwa.
Foleni ilitoka mlangoni, ikazunguka ukuta, ikafika chooni.
Karani Msellem akasema ni virusi.
Mmoja wa Kojani akasema ni wenyewe, hawajafukiziwa.
Nikaitwa mimi, Mwanaidi,
fundi wa simu, pasi na chochote chenye waya hapa Limbani.
Nikaja na bisibisi mdomoni.

Nilipofungua, pua ilijua kabla ya jicho:
vumbi la karafuu, la misimu mitatu,
limejibana baina ya mapezi ya alumini
kama machicha kwenye meno ya mbuzi.
Na ile dawa nyeupe ya kupitisha moto
imekauka, imepasuka, chokaa ya nyumba iliyohamwa.

Hapana jini, nikasema. Ni joto limekosa njia.

Msellem, wewe umezaliwa mikarafuuni, unalijua hili.
Karafuu mbichi ukizifunga guniani usiku mmoja,
asubuhi tia mkono: zina homa.
Hazikuchomwa na mtu. Zimejichoma kwa kubanana.
Ndiyo maana twatandika majamvi,
twazipitia kwa nyayo, twazitawanya.
Na hiki kidude kinachokuhesabia
hakizidi ukucha wa kidole gumba,
moto wake wote umo humo, guniani.
Kinataka jamvi.

Jamvi ninalo.

Nilikuwa nayo mawili, mabamba ya shaba,
membamba kama chapati ya maji ya mwisho wa unga,
yametoka kwenye mashine za michezo zilizokuja na kontena la Dubai.
Moja nililikata mwaka jana kwa msumeno,
kwa uchu tu wa kujua.
Likavuta pumzi.
Wallahi nilisikia: fsss, kwa kuingia, si kwa kutoka,
pumzi ya kwanza ya uhai wake, na ndiyo iliyoliua.
Ndani hamna kitu. Utambi wa shaba umesukwa ukutani,
na unyevu ambao hata tone la kudondoka haukufika.
Nikakaa nalo mapajani mpaka magharibi
kama aliyechinja kuku wa jirani.

Marehemu baba alikaa miaka ishirini
kwenye tangi la makonyo, kule kiwandani Chake,
na nguo zake zilinuka mafuta hata Idi.
Mvuke, akisema, haufundishwi pa kwenda; hukimbilia baridi.
Basi hata humu.
Hewa yote imenyonywa, maji yamekosa wa kuyakandamiza,
hayangoji moto wa birika:
vuguvugu tu, yameshapaa,
yamebeba joto hadi pembeni penye baridi,
yakalitua, yakawa maji tena,
utambi ukayavuta, polepole, yakarudi motoni.
Hapana pampu. Hapana feni. Hapana mshahara.
Maji yaleyale tangu siku yalipofungiwa,
hayajafika popote.

Hayo ya mwisho sikumwambia Msellem.

Nilichukua mswaki mkavu, nikasugua mapezi.
Matundu ya skrubu hayakulingana,
nikakata kishikio kwenye bati la friji bovu,
nikajikata na kidole, nikaendelea.
Nikapaka dawa mpya, chembe ya mchele tu, isizidi.
Nikaliweka bamba baina ya kidude na mapezi
kwa adabu, maana hili sitaki kulisikia likipumua.

Hamad akachungulia juu ya bega langu.
"Mna nini humo?"
"Maji."
"Maji, ndani ya kompyuta?"
Watu wakacheka hadi chooni kule.

Ikawaka. Sote tukaisubiri izime.
Robo saa. Nusu.
Nikaweka kiganja juu ya mapezi:
uvuguvugu, sawasawa, kila pahala,
kama paji la mtoto homa ilipomtoka alfajiri.

Msellem akavaa miwani,
akatafuta herufi kwa kidole kimoja,
akaandika
ki.